Tezi za Mabinti wa Bi Tausi

Vijana wangu mnaoingia kwenye uuguzi na utabibu, mtafundishwa kumuuliza mgonjwa anaumwa nini, wapi na tangu lini. Ulizeni. Lakini mkimaliza, msimruhusu ainuke kabla ya kumuuliza swali la Dokta Ruhaga: "Na ndugu zako wakoje?" Wengi watawajibu, "Hawajambo, tunamshukuru Mungu," kwa sababu wanadhani mnawasalimia. Itikieni hiyo salamu, halafu ulizeni tena.

Mimi naitwa Skolastika. Nimezaliwa Simbo, nikasomea uuguzi, nikafanya kazi kwenye vituo vya afya vya huku kwetu mpaka nilipostaafu. Muda mrefu zaidi nilikuwa Ujiji. Sasa naishi Gungu, na kustaafu kwangu maana yake ni kwamba watu wanashuka kwenye bodaboda mlangoni pangu, wananikuta nachambua dagaa, wanainua kidevu na kusema, "Shikamoo mama, hebu nitazame hapa." Basi nanawa mikono, natazama.

Wananionyesha shingo. Inajulikana kwamba mimi ni mtu wa shingo. Sikuomba jambo hilo. Lilianza na mama mmoja wa Ujiji aitwaye Bi Tausi na binti zake wawili, Mwamini na Zuhura.

Dokta Ruhaga ndiye alikuwa mkuu wa kituo chetu. Alikuwa mrefu, mpole, na sijapata kumwona akikimbia, hata siku nyoka alipoingia chumba cha sindano. Alisimama tu akamtazama, nyoka akaondoka. Yeye ndiye aliyenifundisha kupapasa shingo. Usimkabe mgonjwa kwa mbele kama mnagombana. Simama nyuma yake, weka vidole pande mbili za koromeo, mpe kikombe cha maji, mwambie ameze. Tezi ya shingo hupanda na kushuka pamoja na yale maji. Uvimbe mwingine mara nyingi hubaki ulipo. Ukitaka kujua kama tezi inakwenda mbio, mwambie anyooshe mikono, ulaze karatasi juu ya vidole vyake uone kama inatetemeka. Ukitaka kujua kama imelala, mgonge kwa nyundo ndogo nyuma ya kifundo cha mguu. Mguu utaruka kama kawaida, halafu utarudi taratibu, kama mtu aliyeitwa kwenye mkutano wa kijiji.

Haya yote nilikuwa nayajua. Sote pale kituoni tulikuwa tunayajua. Na bado wale dada wawili walipita mikononi mwetu kwa muda mrefu bila mtu kuona kitu.

Mwamini ndiye mkubwa. Alikuwa ameolewa na Hamisi, fundi wa injini za boti pale Kibirizi, na wote waliishi kwenye nyumba kubwa ya Bi Tausi. Baada ya kujifungua mtoto wake wa mwisho, Mwamini alianza kunenepa ingawa hakuwa anakula sana. Sauti ikawa nzito, nywele zikakatika, ngozi ikakauka kama ganda la muhogo. Alikuwa anasikia baridi. Mnaijua Ujiji. Watu wanalala ukumbini wakitafuta upepo, yeye anatembea na sweta na soksi. Alikuwa anauza mawese sokoni, akawa anasinzia juu ya madumu mpaka wateja wanajipimia wenyewe. Hamisi akaanza kusema hadharani kwamba ameoa gogo.

Zuhura, mdogo wake, alikuwa amerudi nyumbani baada ya kuachwa. Mumewe alisema amekuwa mkali na halali usiku. Zuhura alikuwa anakula ugali wa watu watatu na bado anakonda. Alitoka jasho, mikono ikatetemeka, moyo ukaenda mbio hata akiwa amekaa. Macho yakaanza kumtoka. Alipokuja kituoni mara ya kwanza tulimpima malaria. Mara ya pili tulimpima malaria. Baadaye tukampima virusi, kwa sababu alikuwa amekonda, na majibu yalipotoka safi tukarudia, maana hatukuyaamini. Mwanamke yule alikuwa ametibiwa malaria nyingi kuliko mbu waliomuuma.

Mwamini naye alipokuja, akiwa na shingo iliyovimba kidogo, tulimpa somo la chumvi. Huku kwetu rovu si kitu kigeni. Bibi zetu wengi walikuwa nalo, na tulijua sababu moja tu, chumvi isiyo na madini joto. Tulipita vijijini tukahimiza chumvi yenye madini joto, na kweli shingo zikapungua. Shida ya kuijua sababu moja vizuri ni kwamba unaacha kutafuta ya pili.

Na jina lenyewe lilituponza. Mwamini aliposikia "madini joto" aliona dawa yake imepatikana. Anasikia baridi, na hapa kuna joto la kula. Akaanza kulamba chumvi kwa kijiko, na hiyo kwa tezi kama yake inaweza kuzidisha matatizo. Zuhura, aliyekuwa anaungua mchana kutwa, akaacha chumvi kabisa. Ikawa nyumba ile inapika sufuria mbili za samaki wa migebuka. Moja huwezi kuila kwa chumvi, nyingine huwezi kuila kwa kukosa chumvi. Hamisi alikuwa anakula kazini.

Hayo yangekuwa mambo ya kuchekesha kama watu wasingeanza kuwatazama mabinti wale kwa pamoja. Sisi kituoni tulimwona mmoja leo na mwingine mwezi ujao, kila mmoja chumba chake. Majirani waliwaona wote wawili kila siku, wamekaa kwenye mkeka mmoja. Wakaona mkubwa ananenepa na mdogo anakonda. Wakapiga hesabu. Ikasemwa mtaani kwamba Mwamini anamla mdogo wake.

Zuhura alikataa kuyasikia mwanzoni. Kisha akaenda kwa mganga mmoja upande wa Buzebazeba, na mganga akamwambia, "Anayekumaliza ni mtu wa damu yako." Tangu siku hiyo akaacha kuongea na dada yake. Akawa hali chochote alichokigusa Mwamini. Watoto wa Mwamini wakaanza kuitwa majina shuleni. Mwanamke mmoja aliyekuwa akinunua mawese kwake kwa miaka mingi akahamia meza nyingine, akipita anavuka upande wa pili wa njia. Nawaambia haya mjue kwamba ugonjwa wa tezi peke yake huchukua muda kumuua mtu. Maneno kama yale hayachukui muda. Nimeona nyumba za wanawake wengine zikichomwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

Bi Tausi ndiye aliyekata shauri. Asubuhi moja aliwachukua wote wawili akawaleta kituoni kwa pamoja, akakaa katikati yao kwenye benchi. Nilikuwa nagawa namba. Wale dada hawakuwa wanazungumza, kwa hiyo kila kitu kilipitia kwa mama.

"Mama," Zuhura alisema, "mwambie huyo aache dirisha wazi. Nakosa pumzi."

"Mama," Mwamini akasema kwa ile sauti yake nzito, "mwambie mwenzake naganda."

"Mwamini, mwenzako anasema anakosa pumzi."

"Nimesikia, mama. Mwambie nimesikia."

Akainuka, akafunga dirisha. Zuhura akainuka, akafungua. Benchi zima likawa linafuatilia. Dirisha lilipobamizwa tena, Dokta Ruhaga akatoka chumbani kwake na kikombe cha chai mkononi kuja kuona kuna nini. Alisimama akamtazama mmoja aliyevaa sweta na mwingine anayejipepea kwa ncha ya kanga, akawatazama muda mrefu kama alivyomtazama yule nyoka.

"Bibi," akamuuliza Bi Tausi, "hawa ni nani wako?"

"Wanangu."

"Baba mmoja?"

Bi Tausi akanyooka. "Daktari, mbona unanivunjia heshima mbele za watu?"

"Nisamehe, mama yangu. Nauliza kwa sababu ya ugonjwa."

"Baba mmoja. Alishakufa. Hakuwa na ugonjwa wowote, isipokuwa maneno mengi."

Dokta akamwomba amwonyeshe mikono yake. Bi Tausi alikuwa na mbalanga, mabaka meupe kwenye vidole na mdomoni, ya siku nyingi. Nilikuwa nimempokea mama yule mara nyingi na mabaka yake, na wala sikuwahi kuyahusisha na kitu. Yeye mwenyewe aliamini yalitokana na samaki aliyemla akiwa mjamzito. Dokta akaniambia niweke chai yake mezani. Akawaingiza wote watatu ndani, na akaniita niingie nao.

Tulifanya yote niliyowaeleza. Maji, vidole, karatasi, nyundo. Karatasi juu ya mikono ya Zuhura ilitetemeka mpaka ikaanguka. Mguu wa Mwamini uliruka, nasi tukasubiri urudi. Shingo zote mbili zilikuwa zimevimba. Ilibidi damu zao zisafirishwe mbali, maana wakati huo hatukuwa na mashine ya kupima homoni za tezi kama mliyo nayo nyie sasa. Tukasubiri wiki kadhaa. Dokta alimwanzishia Zuhura dawa ya kutuliza moyo, akawaambia wote wawili wale chumvi kama watu wengine.

Majibu yaliporudi, aliwaita tena pamoja. Nikiwa muuguzi nimesikia madaktari wengi wakieleza mambo, na mara nyingi mgonjwa hutoka akiwa anajua kidogo kuliko alipoingia. Siku ile haikuwa hivyo.

"Mwili una askari wake wa kupigana na maradhi," aliwaambia. "Kwenu hawa askari wamekosea adui. Wanaishambulia tezi ya shingo. Kwa Mwamini wameipiga mpaka imechoka kufanya kazi. Kwa Zuhura wanaichapa ikimbie bila kupumzika. Tezi ndiyo inayoamua mwili uende kwa kasi gani. Ikizubaa, unanenepa na kusikia baridi. Ikikimbia, unakonda na kuungua. Nyama haijatoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine."

Zuhura akauliza, na kwa mara ya kwanza alimtazama dada yake. "Kama hanili, mbona imetupata sisi wawili tu mtaa mzima?"

"Kwa sababu mmezaliwa nyumba moja, na mabaka ya mama yenu ni kazi ya askari hao hao. Mtu harithi ugonjwa wenyewe. Anarithi wepesi wa kuupata. Ni kama watoto walioachiwa nyumba ya nyasi. Inaweza kukaa miaka yote isiungue. Lakini uzazi, huzuni kubwa, moshi wa sigara, maradhi mengine, chochote kati ya hivyo kinaweza kuwa cheche. Kuna ndugu ataungua, na kuna ndugu hataungua, na hakuna mganga wala daktari anayeweza kukuambia mapema ni yupi."

Kwa hiyo yule mganga wa Buzebazeba hakukosea sana. Alisema ni mambo ya damu, na yalikuwa ya damu. Alikosea tu kutafuta mtu wa kulaumiwa.

Mabinti walitulia. Aliyevunjika ni Bi Tausi. Alikuwa anaitazama mikono yake yenye mabaka. "Basi ni mimi," alisema. "Kumbe mlaji nilikuwa mimi." Dokta akamwambia hapana, kwamba hakuna mzazi anayechagua cha kumpa mtoto, na kwamba huenda hata marehemu alichangia pamoja na yale maneno yake. Bi Tausi hakucheka. Alitoka akiwa ameficha mikono ndani ya kanga.

Dawa zilifanya kazi. Mwamini alipewa vidonge vya kujazia homoni iliyokosekana. Hapa shikeni jambo moja: vidonge vile huliwa asubuhi, tumbo tupu, kwa maji, na mtu asubiri kabla ya kunywa chai. Mwamini mwanzo alivimeza na chai ya maziwa na vitumbua, tukashangaa mbona haamki. Tulipomrekebisha aliamka. Alivua soksi, kisha sweta, akaanza kuwakemea wateja waliojizoesha kujipimia. Hamisi akaja kituoni kuniambia mke wake amepona, na kwamba sasa anasema sana. Nikamwambia hiyo haina dawa.

Zuhura alipewa vidonge vya kupunguza kasi ya tezi. Akaanza kulala usingizi. Mashavu yakarudi.

Majirani nao hawakukaa kimya. Waliona mkubwa anapungua na mdogo ananenepa, wakapiga hesabu yao ile ile kinyumenyume. Mtaa mzima ukakubaliana kwamba Mwamini ametubu na kurudisha nyama. Wakampongeza. Yule mteja akarudi kwenye meza yake. Mwamini alitaka kuwaeleza habari za tezi, mama yake akamwambia anyamaze auze mawese.

Zuhura alipojiona mzima, akaacha dawa. Hakumwambia mtu. Wagonjwa wenu watafanya hivyo, na watawaambia wanakunywa, huku wakiwatazama machoni. Baada ya muda akapata homa ya kifua, na tezi ile iliyokuwa imefungiwa ikafunguka yote kwa mara moja. Mwamini alimleta mchana wa jua kali, amembeba mgongoni kutoka barabarani kwa sababu bajaji ilikwama mchangani. Zuhura alikuwa anawaka moto, anatapika, anaongea maneno yasiyounganika, na mapigo ya moyo sikuweza kuyahesabu. Hali hiyo inaua. Dokta Ruhaga alitoka chumbani kwake kwa hatua ndefu. Nilijua ni mbaya, kwa sababu kwa mtu mwingine ningesema anakimbia.

Tulimpoza kwa maji, tukampa dawa tulizokuwa nazo, tukamtundikia dripu, Dokta akapiga simu hospitali kubwa watutayarishie nafasi. Njia nzima Mwamini alikuwa kwenye gari la wagonjwa, amekishika kichwa cha mdogo wake mapajani. Mimi nilikuwa nimeshika dripu. Wodini alikaa naye mpaka homa ilipovunjika. Siku ile Zuhura alifumbua macho, akatazama huku na huku.

"Nani amefungua dirisha?" akauliza.

"Mimi," Mwamini akasema. Alikuwa amejifunika mashuka mawili.

Zuhura akayatazama yale mashuka. "Funga kidogo, dada. Utapata baridi."

Sikuwasikia wakiombana msamaha, si siku hiyo wala baadaye. Nadhani hayo ndiyo yalikuwa yenyewe.

Kuna jambo ambalo Mwamini alinieleza miaka iliyofuata, tukiwa tumezoeana. Kabla ya kupata dawa mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Bi Tausi pia alikuwa amepoteza mimba enzi zake. Walikuwa wameyaweka kwenye kapu la mapenzi ya Mungu, na mimi siwezi kuapa kwamba yote yalikuwa ya tezi. Lakini tezi iliyolala inaweza kuharibu mimba, na wanawake wale walikuwa wamezika mimba zao bila hata kuulizwa na mtu.

Ndiyo maana sikushangaa Shani, binti mkubwa wa Mwamini, alipokuja kwangu hapa Gungu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kijana mmoja alikuwa ameleta posa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Inua kidevu."

"Sijaja kwa hilo. Nataka kujua. Nitaugua?"

"Sijui."

"Dokta Ruhaga angejua?"

"Angekuambia hajui, kwa maneno mengi zaidi."

Hilo ndilo neno gumu kuliko yote katika kazi yetu. Jifunzeni kulisema bila kuongeza kitu. Shani akasema wajomba wanataka jambo la tezi lisitajwe mbele ya wakwe. Wanasema ukoo una siri zake. Akaniuliza mimi ningefanya nini. Nikamwambia mimi sichumbiwi, aamue mwenyewe.

Siku ya mazungumzo nilialikwa, nikakaa na wanawake. Kabla wazee hawajafika kwenye mahari, Shani aliomba ruhusa ya kusema, kitu ambacho bibi harusi mtarajiwa hafanyi. Mjomba mmoja akakohoa sana. Shani akaendelea.

"Kwetu kuna ugonjwa wa tezi ya shingo. Mama anao, mama mdogo anao. Mimi sina, lakini ninaweza kuupata. Ukija kuna vidonge. Nimeona ni vyema mjue kabla."

Mwamini alikuwa anatazama mkeka. Upande wa bwana harusi kulikuwa na shangazi yao mzito, mwenye sauti ya kuamuru, na ilionekana wote wanamsubiri yeye.

"Sisi," shangazi akasema, "tuna kisukari, tuna presha, na tuna mjomba anayepigana kwenye misiba. Asiye na vidonge ni huyo mjomba tu." Akawageukia wazee. "Tuendelee na mahari."

Waliendelea.

Shani alipopata mimba alikwenda kliniki mapema, akawaambia wauguzi habari za ukoo wake kabla hawajamuuliza. Walimpima. Tezi yake ilikuwa imeanza kuzubaa, bila dalili hata moja ambayo mtu angeiona kwa macho. Akaanzishiwa vidonge, akavinywa kila asubuhi kwa maji, na Zuhura akahamia kwake ili kuhakikisha chai haifiki mezani mapema. Walikuwa wanapima damu yake kila mara na kurekebisha dozi. Mtoto akazaliwa salama, msichana, mwenye mapafu ya kutosha mtaa mzima.

Nilikuwepo Bi Tausi alipoletwa kumwona. Alikuwa amezeeka sana, anaongozwa kwa mkono. Walimweka kitini, wakamlaza mtoto mapajani mwake. Alisita kumgusa. Kisha akaitoa mikono yake yenye mabaka kwenye kanga, akamfunua uso.

"Amerithi nini huyu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Pua yako, bibi," Shani akasema. "Mengine tutayaona yakija."

Bi Tausi akaitazama ile pua. Aliitazama vizuri, upande mmoja na upande mwingine.

"Pole, mwanangu," akamwambia mtoto.